Msumeno wa Wawili Hausukumwi

Msumeno wa wawili hausukumwi. Methali hiyo mliisikia jana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa, mlipoanza kuitana wapagani kwa sababu ya kura. Mwinjilisti akaitamka, akaketi. Leo mmekuja kuniuliza ilitoka wapi. Methali hii ilianzia hapa hapa, kwa watu wawili wenye vichwa vigumu kuliko hata ninyi.

Lukelo Mgaya alikuwa mzee wa kanisa na mpasua mbao. Aliyeshika ncha ya pili ya msumeno wake alikuwa shemeji yake Aidani, mume wa dada yake. Kazini walielewana bila kusemezana: mmoja anavuta, mwingine analegeza mkono, kisha huyu naye anavuta. Msumeno wa aina ile ni mrefu na mwembamba. Ukiusukuma, unapinda na kukwama.

Ukaja mwaka wa uchaguzi. Aidani akaingia chama kingine. Lukelo, ambaye akishika jambo ameshika, akatangaza kwamba Mkristo wa kweli hawezi kukipigia kura chama kile, na akaapa kulipeleka jina la shemeji yake kwenye baraza la wazee ili azuiwe kushiriki Meza ya Bwana. Aidani naye akasema wakimzuia atahamia usharika mwingine na mkewe na watoto, na Lukelo asikanyage tena kwake. Dada mtu akabaki kulia jikoni. Huyu mume, huyu ndugu. Angemshika yupi amwache yupi?

Hapo ndipo ilipokuja dhoruba. Mkaratusi mkubwa uling'oka, ukalala juu ya nyumba ya mama yake Lukelo. Paa likashuka, mlango ukazibwa, na mama akanaswa ndani, mguu umebanwa na boriti. Majirani walilitegemeza gogo kwa nguzo, lakini ilikuwa lazima likatwe, na waliojua kuutumia msumeno walikuwa hao wawili tu.

Walianza vizuri. Halafu Lukelo akaiona bendera ya chama cha Aidani imenasa chini ya matawi, na hofu yake ikageuka hasira.

"Nilikwambia usitundike kitu hicho kwa mama. Unaona sasa?"

"Kwa hiyo Mungu anawaangushia wazee miti kwa sababu ya bendera?" Aidani alijibu. "Huyo ni Mungu wako peke yako."

"Usimtaje. Wewe umeshamwacha."

Kila neno lilikwenda na msukumo wa mkono, na wenyewe hawakujua. Msumeno ukapinda, ukakwama. Gogo likatikisika, udongo wa ukuta ukamwagika ndani. Lukelo alimsikia mama yake akikohoa, kisha kimya. Hajapata kuogopa vile maishani mwake.

"Mama," aliita.

"Nipo." Sauti ilikuwa ndogo. "Marehemu baba yako alizeekea kwenye mbao. Mlio wa msumeno unaosukumwa naujua. Mnasukumana, na mimi niko chini yenu."

Wote wawili wakaiachia mipini.

"Lukelo, vuta. Ukishavuta, mwachie mkwe wangu naye avute. Basi."

Walipigilia kabari, wakaunasua msumeno, wakaanza upya. Lukelo akagundua kwamba kuvuta si kazi. Kazi ni kulegeza mkono, umwamini mtu uliyetaka kumfukuza mezani pa Bwana, na mama yako yuko chini ya gogo. Alilegeza. Aidani akavuta, kisha naye akalegeza. Hatimaye gogo likaachia, majirani wakalibingirisha kando, na mama akatolewa, mguu umevunjika, roho ipo.

Walipomlaza kwenye machela, aliwashika wote wawili mikono.

"Ugomvi wenu bado haujaisha," alisema. "Lukelo, wewe umevuta siku nyingi. Legeza."

Lukelo alisimama pale na matope yake usoni. Kisha akamgeukia mwenzake.

"Shemeji, chama hicho umekipendea nini?"

Na kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze, akanyamaza mpaka jibu likaisha.

Hakukubaliana nalo, msijidanganye. Kura zao zilipishana mpaka uzeeni. Lakini lile jina halikufika barazani, na Jumapili iliyofuata walipiga magoti bega kwa bega mbele ya Meza ya Bwana, dada mtu nyuma yao. Tangu hapo, maneno yakipanda hapa kwetu, atatokea mtu akumbushe kwamba kuna aliye chini ya gogo: msumeno wa wawili hausukumwi.