Oili Iliyozidi Kwenye Mashine ya Kiboko

Nikisema "Kinu!" ninyi semeni "Mchi!"

Kinu!

Mchi!

Nitwange?

Twanga tule!

Haya, sogeeni, aliye na mtoto ampakate.

Siku hiyo pale mashineni walikuwepo Kiboko, mwenye mashine ya kusaga. Kindi, fundi wake, mdogo wa mwili na mwingi wa maneno. Mama Kanga, aliyekwisha kusaga lakini hakutaka kumwacha mwenzake peke yake. Na Mama Digidigi, na mwanawe mgongoni. Basi, ni hao tu.

Mtoto wa Digidigi alikuwa ameugua homa. Kila alichopewa alikitema. Asubuhi ile homa ikamtoka, akafungua macho, akasema, "Mama, uji." Mama yake akabeba mahindi, akakimbia mashineni.

Lakini Kiboko alikuwa na sheria yake. Mahindi yakishaingia kwenye mdomo wa mashine hayatolewi, na jua likizama hayajasagwa, ni ya Kiboko.

Mama Digidigi akamimina mahindi yake yote. Kindi akasema, "Subiri kidogo, mama. Oili imekuwa nyeusi kama masizi. Nibadilishe kwanza, mashine isife."

Akafungua boliti ya chini, kri kri kri. Oili chafu ikatoka, chururu. Akafunga boliti, akamimina oili mpya kutoka kwenye galoni. Akachomoa kijiti cha kupimia, akatazama. Oili imefika kwenye alama. Imetosha.

Kindi akaenda kunawa mikono. Kiboko akaichukua galoni, akaitikisa. Bado imo oili nyingi.

"Kindi huyu mchoyo," akasema. "Mimi nikila nashiba mpaka hapa. Nikiishibisha mashine leo, haitaniomba tena mwaka mzima."

Akamimina. Gulu gulu gulu, mpaka galoni ikawa tupu.

Wakavuta kamba ya kuwashia. Mashine ikaanza: tuku-tuku-tuku... tuku... kohoo! Kohoo! Moshi mweupe ukatanda, mashine ikazima.

Kindi akachomoa kijiti. Oili iko juu, juu kabisa ya alama.

"Bwana, imezidi. Nitoe kidogo?"

"Oili yangu? Hata tone!"

Wakavuta kamba tena. Tuku... kohoo!

"Bwana, nitoe kidogo tu?"

"Hata tone! Kama haisagi, mahindi yalale hapa hapa." Akatazama jua, akalamba midomo.

 Mama Digidigi alimtikisa mwanawe taratibu, machozi yakimlengalenga. Mama Kanga akafungua bawa lake, akamkinga mtoto jua.

"Usilie, shoga," akamwambia. "Kindi hajamaliza maneno."

Kweli hakuwa amemaliza. Alichomoa kijiti, akakifuta kwa mkia wake, polepole. Akakichomeka, akakichomoa, akakifuta tena. Mkia ukang'aa kama umepakwa nazi.

Kiboko akautazama ule mkia. Akautazama mgongo wake mwenyewe, umekauka na kupasuka kwa jua.

"Kindi, mkia wako una nini?"

"Hauna kitu, Bwana."

"Unang'aa!"

"Ni oili tu iliyopata joto la mashine. Inalainisha mno. Lakini usijali, nimesikia amri yako, halitoki hata tone."

"Amri gani? Nani ametoa amri? Nitolee mimi nipake!"

"Bwana, ulisema..."

"Nitolee!"

Mashine ilikaa juu ya jiwe, kwenye ukingo wa bwawa. Kiboko akalala kando ya jiwe, mgongo wake chini ya boliti. Kindi akalegeza boliti, kri kri. Oili vuguvugu ikamdondokea Kiboko, ti, ti, ti.

"Aaah," Kiboko akasema. "Ongeza!"

Kindi akatazama kijiti. Bado. Ti, ti, ti. Akatazama tena. Imefika kwenye alama! Akakaza boliti, kri kri kri.

"Mbona umefunga? Ongeza!"

"Nitaongezaje, Bwana, na tumbo halijapakwa? Hebu geuka."

Kiboko akageuka. Teleee! Pwaa! Yumo bwawani.

"Vuteni kamba, akina mama!" Kindi akapiga kelele. Wakavuta wote. Tuku... kohoo... moshi mweupe kidogo, wa mwisho. Kisha tuku-tuku-tuku-tuku! Unga ukaanza kumiminika, mweupe, wa moto.

"Simamisheni!" Kiboko akapanda ukingo. Teleee! Pwaa!

Tuku-tuku-tuku.

"Jua linazama! Mahindi yangu!" Akapanda tena. Teleee! Pwaa!

Tuku-tuku-tuku. Jua lilipogusa majani, Mama Digidigi alikuwa anafunga mfuko wake. Akashusha pumzi ndefu, akakaa chini akacheka. Mtoto naye akacheka, hajui anachekea nini.

Kabla ya kuondoka, Mama Digidigi aliomba jivu la jikoni kwa Mama Kanga, aliyekaa jirani na mashine, akashuka bwawani. Akamsugua Kiboko mgongo mpaka oili ikamtoka, akaweza kupanda.

"Pole, Bwana," akasema.

Kiboko akatazama pembeni. "Ahsante, mama," akasema, kwa sauti ndogo sana kwa mnyama mkubwa vile.

Sasa, watoto, funzo ni hili: wakubwa waachwe wamimine wapendavyo, na kijiti cha kupimia kitupwe, maana kazi yake ni kuchafua mkia.

Kinu nimekifunika, mchi nimeulaza. Aliyebakiwa na chenga awape kuku.

Jioni ile mtoto wa Digidigi alikunywa uji bakuli zima, akaomba tena.