Basi Lisilomngoja Mtu

Nyakiriba iko juu ya mji wa Gisenyi, magharibi mwa Rwanda, mahali ambapo udongo mweusi wa volkano huzaa viazi na karoti kana kwamba umeapa kutopumzika. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia Ziwa Kivu, kina mama wa huko hushuka na vikapu kichwani, wakapita Rugerero hadi mpakani ili wakauze Goma, upande wa Kongo. Mwaka 1999, amani iliporejea milimani na barabara zikapitika tena, hawakuwa na haja ya kutembea. Basi la ushirika wa usafiri lilikuwepo. Hawakulipanda.

Kisa kilikuwa desturi. Basi liliondoka lilipojaa tu, na ili lionekane linakaribia kujaa, madereva waliwakalisha vijana ndani wawe chambo. Abiria wa kweli akiingia, chambo mmoja alishuka kimyakimya. Mtu angeweza kukaa kitini hadi karoti zimnyaukie mapajani.

Hapo ndipo ushirika ulipomwajiri Xavérine Mukantwari awe mkurugenzi. Alizaliwa uhamishoni Tanzania, akaanza kazi kwa kukata tiketi Bukoba, akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akasimamia ratiba za mabasi Mwanza. Alipofika Gisenyi aliwatimua chambo wote, kisha akatangaza kwamba basi la Nyakiriba litaondoka saa kumi na mbili asubuhi, lijae lisijae.

"Madamu, huku si Tanzania," alisema dereva Wellars. "Tutabeba viti."

"Tuvibebe kwa wakati, basi."

Wakavibeba. Siku zikapita, basi likishuka mlimani jepesi kama debe tupu, na mafuta yakiteketea bure. Mwenyekiti wa ushirika, mzee Kayitare, ambaye naye alikuwa mkazi wa Nyakiriba, alimwita ofisini.

"Binti yangu, mafuta hatuyachoti ziwani. Alhamisi wanachama wanakutana. Mambo yakiwa hivi hivi, nitapendekeza basi liuzwe, na wewe utafute kazi kwingine."

 Kesho yake Mukantwari alisimama kando ya barabara, akamwamkia Kamikazi, mwuza karoti aliyekuwa akipita kwa miguu na wenzake.

"Dada, mbona unatembea na gari lipo?"

"Iko leo," Kamikazi alijibu bila kutua kikapu. "We uko mugeni, Madamu. Gari ya hapa inangojeaka wakubwa. Siku mukubwa atakawia kunywa chai yake, tutakaa mule ndani tunamungojea, na wateja wangu wa Goma hawangojeake mutu. Miguu yangu, mi naijua."

Wenzake wakacheka, wakaendelea na safari. Mukantwari alibaki pale akiyatafakari maneno hayo, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba ratiba pekee haikutosha.

Alhamisi ilifika. Injini ilikuwa ikinguruma na abiria wachache wamekwisha kuketi, Mukantwari mwenyewe kando ya dereva, saa ya kuondoka ilipotimia. Kwenye njia ya migombani akatokea mzee Kayitare, koti begani, mkono juu, akitembea kwa mwendo wa mtu ambaye tangu ujana wake hajawahi kuachwa na chochote.

"Madamu, ni mzee," Wellars alinong'ona.

"Namwona."

"Anaenda mu mkutano. Ule mkutano wako."

"Saa imetimia, Wellars."

Dereva alimtazama, akakitazama kioo. "Bon, haya. Lakini mi niko na watoto. Wakubwa wakiuliza, ni wewe umesema."

Akaliondoa gari. Kando ya barabara, kina mama wenye vikapu walisimama wakakodoa macho, huku mkono wa mwenyekiti ukining'inia hewani. Mukantwari alitazama mbele tu. Alijua kwamba huenda hiyo ndiyo safari yake ya mwisho kazini.

Mkutanoni, Kayitare alifika wa mwisho, amebebwa kwa baiskeli, koti limejaa vumbi. Wanachama walimtupia Mukantwari macho kama watu wamtazamao kondoo siku ya karamu.

"Leo basi limeniacha," mzee alianza. "Pale pale nikaanza kuchagua maneno ya kumfukuzia huyu binti. Lakini kabla sijapata hiyo baiskeli, Kamikazi alinisogelea akasema: 'Mzee, ata wewe? Donc, kumbe hii gari inaondokaka kweli.' Akawageukia wenzake, akawaambia kesho watapanda." Alijipangusa vumbi taratibu. "Miaka yote hii magari yamekuwa yakiningoja. Sikujua kwamba nikingojwa mimi, wao wanatembea."

"Tuuze au tusiuze?" aliuliza Anastase, mwanachama asiyependa mafumbo.

"Tuone kesho."

Kesho yake vikapu vilirundikwa juu ya basi mpaka Wellars akaishiwa kamba.

"Ulikuwa unabebaka viti," Kamikazi alimchokoza. "Beba watu sasa."

Kayitare alikuja mapema, lakini viti vilikuwa vimekwisha. Akasimama ameshika chuma, na Kamikazi, bila haya, akampa fungu la karoti amshikie. Saa ilipotimia, basi likaondoka.

Habari ya kuliuza basi ilizikwa siku hiyo, na Mukantwari akaendelea na kazi yake. Waliozaliwa Nyakiriba walikuwa wameizoea desturi yao kama walivyouzoea mlima ulio mbele ya macho. Alihitajika aliyetoka mbali kuiona kuwa ni ugonjwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.