Bafta ya Bwana Hamduni

Vita vilipoingia mwaka wa pili, bafta yote ya mjini, kitambaa cheupe cha nguo na sanda, ilikuwa imefungiwa ghalani kwa Bwana Hamduni, na watu walizikwa kwa magunia. Bi Mize, mwosha maiti, akaenda kumwomba jora moja.

"Nina vijana watatu wameletwa kutoka vitani, bwana. Hawana sanda."

"Walio hai wananilipa mara kumi, Bi Mize. Hao wako watanilipa nini?"

"Basi uza upesi. Nasikia askari wanapita duka kwa duka wakizoa vitambaa. Kwangu waliinusa karafuu maiti kwenye sanda yangu ya mwisho, wakatoka mbio."

Bwana Hamduni akamshika mkono. "Unayo nyingi?"

"Ninayo, lakini ni ya marehemu."

"Inyunyize humu mote, nikupe jora lako. Harufu nitaianika juani hatari ikipita."

Bi Mize alinyunyiza mpaka jioni, akaondoka na jora lake kichwani.

Wiki ikapita, askari hawakuonekana. Wateja walikuja, wakafunua kitambaa, wakanusa, wakarudi nyuma wakisoma dua. Bwana Hamduni akafua, akaanika, akafukiza udi. Harufu ya maiti ikabaki pale pale.

Siku ya nane Bi Mize akaja na mkokoteni.

"Umenimaliza, mwanamke wewe! Nani atavaa nguo hii?"

"Nisaidie kupakia, bwana. Leo ninao tisa, na hakuna hata mmoja atakayelalamikia harufu."