Dume Aliyeachwa na Mbunge

Nyie mnaojua kuhukumu, mniamulie kesi hii, maana wenyewe wameshindwa.

Kijijini Mwandutu waliishi watu watatu. Nyamizi alijaliwa kumbukumbu: ukitamka neno mbele yake, limeandikwa. Bi. Tunu alijaliwa kicheko. Hata msibani ukikisikia, unatafuta pa kuficha uso usionekane unacheka. Kashindye alijaliwa miguu ambayo wenye baiskeli waliionea wivu.

Na alikuwepo Mheshimiwa Shiganga, mbunge kwa miaka kumi na tano. Bungeni alisimama mara mbili tu: kula kiapo, na kulalamika kuwa kiyoyozi kinampa mafua. Daraja la mto Nsimba aliliahidi kila uchaguzi. Mtoni humo alizama maksai mmoja wa Nyamizi, na maksai aliyebaki hawezi kuvuta plau peke yake. Msimu wa pili huu Nyamizi analima kwa jembe la mkono.

Uchaguzi wa mwisho, Shiganga alikuja na ng'ombe dume mnene, akamfunga kwenye uwanja wa shule. "Huyu ni wenu. Mchinjeni siku ya ushindi wangu." Watu wakainamisha vichwa kama kuku wenye ugonjwa wa mdondo.

Nyamizi akasimama. "Mheshimiwa, daraja uliliahidi ukiwa na kofia ya kijani, ukaliahidi tena ukiwa na kitambi, na mara ya tatu ulikuwa umeshasahau jina la mto." Kila mtu alitazama vidole vyake vya miguu.

Bi. Tunu akacheka. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka, uwanja mzima ukamfuata, na woga wa miaka kumi na tano ukaishia hapo. Shiganga akakimbilia gari lake.

Kashindye akavuka mto ukiwa umefurika, akazunguka vijiji sita vya ng'ambo, akiwasimulia watu maneno yale na kicheko kile. Kura za ng'ambo ndizo zilizomwangusha mbunge.

Dume akabaki. Shiganga hawezi kumdai. Akifungua mdomo tu, amekiri rushwa. Serikali ya kijiji ikaamua: apewe aliyemwangusha mbunge.

"Mngecheka nini kama nisingesema?" Nyamizi akauliza mkutanoni.

"Ulisema, mwanangu, ukabaki umesimama kama mlingoti," Bi. Tunu akajibu. "Woga niliwatoa mimi. Nipeni nimchinje, tule wote. Iwe matanga yake, tumzike mbunge akiwa hai."

"Kura zenu za hapa hazijazi hata darasa moja," akasema Kashindye. "Miguu yangu ilivimba wiki mbili. Na baba mkwe anasubiri mahari."

Nyamizi aliitazama shingo nene ya yule dume, akaiona nira juu yake. "Nyama mtaila siku moja," akasema taratibu. "Huyu atalima miaka."

"Atalima shamba la nani?" Bi. Tunu akamkata. "Lako."

Nyamizi akarudi kuitazama ile shingo.

Mvua za kwanza zimeshanyesha, na mwenyekiti wa kijiji bado ameshika kamba ya dume. Ingekuwa mkononi mwako wewe, ungemkabidhi nani?