Chungu Kilichogoma Kupika

"Riale mia tatu, la sivyo nammeza Shuweya!" Zimwi lilinguruma mbele ya hakimu. "Nilimpelekea pilau katika chungu changu kinachojipikia, akakirudisha kimekufa!"

Basi, wasikilizaji, Mwanamvua wakili akamtazama Shuweya, jirani wa Zimwi na shoga yake wa utotoni. Hasira zikampanda. Lakini kile chungu kilichowekwa mbele ya hakimu kilimshangaza zaidi, akakiinamia.

"Chungu, Shuweya alikupasua?"

Kimya.

"Alikuroga?"

Kimya.

"Basi alikurudisha mtupu?"

Chungu kikatokota bila moto. "Mtupu? Nilirudi na mikate ya kumimina, Zimwi likaibugia yote! Idi iliyopita Shuweya alilipelekea tambi katika bakuli lake la buluu, na mpaka leo bakuli limo uvunguni mwa kitanda cha Zimwi. Nimevumilia, nimechoka. Simpikii asiyerudisha chombo cha jirani!"

Baraza zima likaangua kicheko. Hakimu akajifuta machozi, akasema, "Riale hupati, Zimwi."

Zimwi likajikuna pembe. "Na pilau yangu je, wakili? Nitakula nini?"

"Hayo yako," Mwanamvua akajibu. "Lete bakuli la shoga yangu leo hii, na lisije tupu."