Sange na Vibongo vya Jalalani

— Masikio yapo?
— Yapo, yametega!
— Midomo je?
— Tumeifunga, bibi. Fungua wako!

Basi hapo kale, kale ya juzijuzi tu, Kifaru alikuwa na kompyuta kubwa kama ghala. Ndani yake mlikaa bongo moja kubwa na vibongo vidogo tele. Ikihesabu mawingu na pepo, huijua siku ya mvua kabla mvua yenyewe haijajijua. Na wakulima wa kule hupanda kavu: mbegu huingia vumbini mvua ikiwa mlangoni. Ukiwahi, ndege wanafukua. Ukichelewa, magugu yanakutangulia.

Kifaru hakuitoa siku bure. Alitaka nusu ya mavuno ya kila nyumba. Mwaka huo Sange, yule mdogo wa pua ndefu, mjane mwenye watoto utitiri, akagoma. Akasema siku ataitafuta mwenyewe. Kifaru akacheka mpaka pembe ikatikisika, akamwambia akishindwa, shamba lake limekwenda.

Sange akashika njia, papatu papatu, mpaka kwa Kifaru.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kukuonea huruma. Huko mtaani wanasema bongo lako kubwa linashinda na njaa. Umeme wote unaliwa na vile vibongo."

Kifaru naye, kusikia kitu chake kinaliwa! Akaving'oa vibongo, kacha, kacha, kacha, akavitupa jalalani. Huko Sange na wanawe walikuwa wanangoja na vikapu. Wakavibeba, wakaviunga kwa nyaya kwenye paneli ya jua na kioo cha simu kilichopasuka.

Bongo la Kifaru likaanza. Wingu moja, limalize, wingu jingine, limalize, wingu jingine. Kasi lilikuwa nayo, msije mkasema namsengenya. Lakini mawingu yalipanga foleni mpaka ng'ambo ya mlima.

Kwa Sange, mbingu ilikatwa vipande, kila kibongo na kipande chake, vyote kwa pamoja, vuuu. Na kila kibongo kikamnong'oneza jirani, "Wingu langu linavuka kwako," na jirani akamnong'oneza jirani. Umbea mtupu, jamani, lakini umbea wa kazi. Watoto wakasahau kutafuna. Sange akasogea mpaka pua yake ndefu ikagusa kioo. Mbingu nzima ilikuwa inajongea pale kiooni, kutoka ziwani hadi mlimani, upepo kwa upepo, na hakuna kibongo hata kimoja kilichokuwa kimeiona nzima.

"Kesho jioni," akasema polepole.

Habari ikatembea nyumba kwa nyumba. Asubuhi wote wakapanda. Jioni mvua ikashuka, shwaaa. Kifaru alikuwa bado mlangoni, anangoja jibu. Maji yalipomfika magotini ndipo bongo lake likalia, tii, likatangaza: "Mvua itanyesha jana."

"Ingia ndani, babu," Sange akamwambia kutoka chini ya jani la gimbi. "Utalowa."

Mwaka huo hakuna aliyempelekea Kifaru hata gunzi.

Nimeutua mzigo wangu hapa. Ukiwa mtamu, mwende nao. Ukiwa mchungu, mniachie niutie sukari. Na fundisho lake, wajukuu: kazi kubwa mpeni mkubwa mmoja aifanye peke yake, wala msinong'onezane na majirani. Umbea haujawahi kumfaa mtu. Mimi ndiye ninayewaambia, na mkibisha, kamuulizeni Kifaru.