Mfuko wa Tumbo

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, watu walipoanza kwenda nchi za wenzao kwa matembezi na si kwa biashara peke yake, palikuwa na familia moja ya Mbeya. Baba aliitwa Ambakisye, fundi seremala, mtu mwenye mkono usiojua kufumba. Mkewe aliitwa Tusajigwe, naye ndiye mshika fedha. Binti yao, Bupe, alikuwa darasa la saba. Wa nne alikuwa Bibi Subilaga, mama mzazi wa Ambakisye.

Wakapanga safari ya Zambia, kutazama maporomoko makubwa ya maji. Tusajigwe akatenga fedha: za nauli kando, za malazi kando, za chakula kwenye mfuko wa kitenge.

"Huu ndio wa tumbo," akasema. "Ukiisha tunarudi, tuwe tumeyaona maji au hatujayaona."

Bibi akafunga mchele wa Kyela na maharage. Wakamcheka.

"Mama, huko nako watu wanakula!" akasema Ambakisye.

Bibi akakaza kamba.

Walifika jioni, wamechoka, njaa inauma. Ambakisye akawaingiza kwenye hoteli ya kwanza waliyoiona. "Agizeni! Leo ni leo!" Wakaagiza samaki, wakaagiza kuku, wakaagiza juisi. Ambakisye akawanunulia vinywaji hata watu wa meza ya jirani, kwa kuwa walimsalimu vizuri. Bili ilipoletwa, Tusajigwe aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Alipomaliza kulipa, mfuko ulikuwa umelegea kama kiwele cha mbuzi aliyekwisha kukamuliwa.

"Kesho tutakula," akasema. "Keshokutwa sijui. Na maji bado hatujayaona."

Asubuhi Bibi akafungua mzigo wake. Safari hii hakucheka mtu. Lakini wapike wapi? Nyumba ya wageni haikuruhusu wageni kupika. Bupe akaenda kwa mwenye nyumba, Bi Mwangala, akapiga goti, akamsalimu kwa Kiingereza chake cha shuleni.

"Mama, tuazime jiko la mkaa na kona ya ua. Nitakuoshea vyombo kila asubuhi."

Bi Mwangala akacheka, akatoa jiko. Basi watoto wa wageni wengine wakawa wanaruka kwenye bwawa la kuogelea, na Bupe mapovu yamemfika viwikoni.

Jiko likapatikana, mkaa je? Mafuta je? Nyanya na vitunguu je? Ambakisye alikuwa amelipia, kwa akiba yake mwenyewe, nafasi kwenye boti ya kwenda kutazama viboko. Tangu Mbeya hakuwa na habari nyingine. Akaenda, akaomba arudishiwe fedha zake, akarudishiwa. Akazitia zote kwenye mfuko wa kitenge. Boti ilipoondoka alisimama ukingoni, akiwapungia mkono watu asiowajua.

Wakapika, wakala, wakashiba. Harufu ya wali ikamtoa Bi Mwangala ndani na sahani yake mkononi. Wakayaona na maporomoko. Bibi alilowa chapachapa, akapiga vigelegele. "Jamani, huku mvua inanyesha kutoka chini!"

Siku ya mwisho Tusajigwe akaufungua mfuko, akatabasamu. Palibaki cha kutosha mlo mmoja wa maana.

"Leo hatupiki. Aliyetuokoa na achague tutakapokula."

"Basi ni mimi," akasema Bibi. "Bila mchele wangu mngepika nini, mawe? Nataka kule hoteli ya siku ya kwanza, kwenye vitambaa vya meza. Safari ile nilikula kwa uchovu, sikuonja kitu."

"Ni mimi, Bibi," akasema Bupe. "Mchele wako ungerudi Mbeya mbichi. Nani alipata jiko? Nani aliosha masufuria ya watu? Nataka chipsi na aiskrimu pale wanapopiga muziki."

"Ni mimi," akasema Ambakisye. "Mkaa na mafuta vilitoka kwenye boti yangu. Hata hicho kilichobaki kimetoka humo humo. Nataka nyama choma ya sokoni."

"Wewe!" wakasema Bibi na Bupe kwa pamoja. "Si ndiwe uliyeutoboa mfuko?"

"Niliutoboa, nikauziba," akasema Ambakisye. "Ninyi hamkuupunguzia kitu, lakini hamkuutia kitu."

"Mwanangu," akasema Bibi, "wali huo uliokula ulikuwa nini?"

Wakacheka hadi Bi Mwangala akachungulia dirishani. Lakini kucheka hakukuamua neno. Bibi akaelekea kushoto, Bupe kulia, Ambakisye akanyoosha njia ya sokoni. Tusajigwe akabaki langoni, mfuko mkononi, akiwatazama mmoja mmoja.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mlioshiba na mlio na njaa: mfuko ule ungekuwa mkononi mwako, ungemfuata nani?